Usiwaongezee chumvi

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma ile orodha uliyoirusha kwenye kundi la familia, kwamba balbu, taa za barabarani, simu na nusu ya vyombo vya nyumbani vilibuniwa na watu weusi wa Marekani. Nimefurahi kwamba mambo haya yanakugusa. Ila mengi mle yametiwa chumvi, na siku utakapobishana na mtu aliyesoma, atakuumbua kwa swali moja.

Chukua Lewis Latimer. Balbu hakuibuni yeye. Wazazi wake walitoroka utumwa Virginia mwaka 1842. Yeye alianza kama tarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichobuni, akajifunza kuchora kwa kuwatazama wachoraji, mpaka akawa mkuu wao. Mwaka 1882 alipata hataza ya njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni za balbu: zilifungwa kwenye bahasha za kadibodi wakati wa kuchomwa, zisipinde wala kukatika. Unaona ni jambo dogo? Balbu ya kukatika uzi kila mara nani angeinunua!

Garrett Morgan naye si wa kwanza kuleta taa za barabarani. London waliziweka za gesi mwaka 1868, na mjini kwake Cleveland zilikuwepo za umeme tangu 1914. Hataza yake ya 1923 ilileta ishara ya tatu, ya kusimamisha pande zote kwa muda ili aliyekwisha kuingia njia panda amalizie kupita. Lakini mimi nampendea kofia yake ya kujikinga na moshi. Julai 1916 handaki lililokuwa likichimbwa chini ya Ziwa Erie lililipuka. Morgan na ndugu yake Frank wakavaa kofia hizo, wakashuka, wakatoa watu. Na mtu huyo huyo, ili apate wateja, alikuwa amemkodi Mzungu ajifanye ndiye mbunifu. Ilipojulikana kwamba mbunifu mwenyewe ni mweusi, baadhi ya wanunuzi wa Kusini mwa Marekani walifuta oda zao. Hilo orodha yako haikulisema, nami naona ndilo lililostahili kusambazwa.

Halafu wamemsahau James West! Mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, yeye na Mjerumani Gerhard Sessler walitengeneza maikrofoni yenye utando mwembamba wa plastiki unaotunza chaji ya umeme wenyewe. Za zamani za aina hiyo zilidai umeme wa nje. Hii ikawa ndogo na ya bei rahisi, ikaingia kwenye simu, redio kaseti na vifaa vya kusaidia kusikia. Simu nyingi za sasa zina aina nyingine, usije ukaandika kwamba ni ile ile.

Baba yake West hakutaka mwanawe asome fizikia. Alimkutanisha na watu weusi wenye shahada za uzamivu walioishia kufanya kazi posta. Namwelewa yule mzee; alikuwa anaogopa njaa, si elimu.

Wewe ukitaka fizikia, soma, ada tutaitafuta. Ila West akiwa na miaka minane alipigwa shoti akichezea redio, mkono ukanasa, akaokolewa na kaka yake. Kwa hiyo redio ya babu usiifungue kabla hujaichomoa kwenye soketi.

Mama yako