Shoga, hilo donge usiliguse

Mwamvita shoga yangu,

Voisi yako nimeisikiliza nikiwa sokoni Mwanga, nikacheka kwanza maana unaongea kama una kiazi mdomoni, alafu huruma ikanishika. Pole mwaya. Kung'olewa gego la chini na siku hiyohiyo wakukwangue ukoga meno mengine, lazima fizi ziwake moto.

Sa sikiliza. Pale lilipotoka jino pana donge la damu, hilo ndo bandeji yako, nyama mpya inaota humohumo taratibu. Likitoka tu umeumia. Ndo maana wanakukataza kunywa soda na mrija, kutema mate kwa nguvu, kusukutua siku ya kwanza, mate yakijaa we inama uyaache yatiririke yenyewe. Damu ikianza tena, kunja gozi waliyokupa, kile kitambaa cheupe cha vidonda, ing'ate nusu saa nzima bila kuitoa kuchungulia, maana nakujua we na kioo. Shavu likivimba leo weka barafu kwenye kanga uligandamize kidogo, unapumzika, unarudia, na usiku lalia mito miwili kichwa kiwe juu.

Maji ya chumvi anza kesho. Glasi ya maji ya vuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai, yaache yazunguke mdomoni ukipindisha kichwa huku na huku kisha yaachie kwenye karai, fanya hivyo kila ukimaliza kula. Usijaze chumvi ukidhani ndo utapona haraka.

Na mama mkwe anayetaka ubandike ugoro, mwitikie "ndiyo mama" alafu usiweke, tumbaku hata iwe ya hapohapo Tabora inachelewesha kidonda kufunga. Asprini nayo usiibandike kwenye fizi, inababua nyama mpaka inakuwa nyeupe. Kwa maumivu meza panadol mbili kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku, na kama wamekupa Flagyl, ile dawa ya kuua bakteria, basi pombe hata wanzuki ule wa asali wa kwenye harusi usionje.

Zile fizi zilizokwanguliwa zenyewe zinataka mswaki. Zikitoka damu watu wanaogopa wanaacha kupiga mswaki, ukoga unarudi, zinavimba zaidi, yani ndo mzunguko huohuo. Tafuta mswaki laini kabisa, uchovye maji ya moto ulegee, piga polepole, kwenye pengo paruke kwanza siku za mwanzoni. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini usiigeuze ya maisha, ukikaa nayo wiki na wiki meno yanaanza rangi ya chai ya rangi.

Alafu usishtuke ukiona utando mweupe wa njanonjano kwenye shimo. Baba Zai alipong'olewa lake nilimmulika na tochi ya simu nikaona ule utando, yeye kashaanza kutafuta kijiti autoe anasema usaha, nikampiga kofi la mkono. Ni kidonda kinapona tu hivyo. Cha kuogopa ni hiki: maumivu yalikuwa yanapungua vizuri, siku ya tatu hivi yanarudi kwa fujo, yanapanda mpaka sikioni, mdomo una ladha mbaya na harufu. Hapo donge limeng'oka mfupa uko wazi, rudi kwa daktari wa meno akusafishe akuwekee dawa, usisubiri wiki iishe. Homa, usaha, au mdomo kugoma kufunguka, usilale nayo. Na sukari yako je, unaipima? Ikiwa juu kidonda kitakusumbua.

Kula mtori, uji uliopoa, maharage ya kuponda, tafunia upande wa pili. Vya moto sana na pilipili subiri, na karanga na bisi ndo kabisa, zile punje zinaingia shimoni hazitoki.

Migebuka yako nimeshaikausha, shemeji anapanda treni Ijumaa nampa akuletee, ila mpe mama mkwe aanze yeye, we na mifupa ile bado kwanza.

Wako,
Mama Zai