Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa maktaba

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu Neema,

Salaam. Huku hatujambo, bibi yako goti bado linamsumbua asubuhi lakini anatembea.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umesema umekabidhiwa maktaba ya shule, umehesabu vitabu kimoja kimoja, vyote vipo, kabati umelifunga na ufunguo unatembea nao. Kwa kuhesabu, hongera sana. Wengi husaini makabidhiano bila kugusa kitabu, na wewe hukufanya hivyo. Lakini huo ufunguo umeninyima usingizi. Sijakuuliza viko vingapi kabatini, mama. Nauliza leo viko vingapi mikononi mwa watoto.

Najua unachoogopa: kitabu kipotee, mkaguzi aje, ulipe wewe. Dawa yake ni daftari zuri, kufuli halisaidii. Kwenye rejista kila kitabu kiwe na namba yake, tarehe kilipoingia, jina, mwandishi, kilikotoka na bei. Namba hiyo hiyo iandike ndani ya jalada, kisha irudie kwenye ukurasa mmoja wa siri, tuseme wa 17, na uwe huo huo kwa vitabu vyote. Atakayechana ukurasa wa mbele hatakuwa na la kusema. Lebo ya mgongoni ibandike sentimita 3 kutoka chini ili namba zilingane rafuni na jicho lizisome kwa mstari mmoja.

Kwenye kuazimisha ndiko walimu wengi wanakokwama. Wanaandika majina kwa kufuata tarehe, mmoja chini ya mwingine, na baada ya wiki sita hakuna anayejua kitabu fulani anacho nani. Hapo mwalimu anaona vimepotea, anafunga kabati, kumbe vitabu viko vijijini, vimekosa tu mahali pa kuonekana. Wewe nunua kaunta buku moja kwa kila kidato, na kila mwanafunzi apate ukurasa wake: namba ya kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, saini. Ukifungua ukurasa wake unaona deni lake na alichokwisha kusoma tangu Januari. Mpe siku 14, usimpe 7. Wa kutwa anafika nyumbani jioni, anachota maji, anapika, taa yenyewe ya kugombania. Akichelewa usimtoze hela, maana asiye nazo ataficha kitabu na hutamwona tena mlangoni. Akae nawe dakika ishirini abandike lebo. Kikipotea kweli, mwandikie mkuu wa shule siku hiyo hiyo, weka alama nyekundu kwenye rejista pamoja na tarehe, na mstari wenyewe usiufute kamwe.

Ukikuta kitabu cha miaka kumi kina kurasa nyeupe kama kimetoka kiwandani jana, usifurahi. Kabati la vitabu nililolikabidhi mimi enzi zangu lilijaa vya namna hiyo, na lilipokaguliwa lilikuwa kamili. Sitaki upokee sifa ile.

Fungua saa nne wakati wa mapumziko na tena saa ya chakula cha mchana. Usingoje vipindi viishe: wanaotoka mbali, na wasichana zaidi, wanakuwa wameshaondoka, na maktaba inabaki ya wanaokaa jirani na shule. Peke yako hutaweza. Chagua wasaidizi wanane, wawili kutoka kila kidato, na usichukue vinara wa darasa watupu. Weka na yule mtundu anayependa kuzungumza. Wafundishe kuandika, kupanga na kutoa kitabu kwa kukishika katikati ya mgongo, siyo kukivuta kwa juu, maana juu ndiko kunakochanika kwanza. Na ufunguo wawe nao wawili kati yao. Najua hapo moyo umekushtuka. Wape hivyo hivyo.

Kuhusu kidato cha kwanza, nisikilize vizuri. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, ghafla kila kitu ni Kiingereza. Ukimpa mtoto huyo riwaya nene ya Kiingereza ataishika kwa adabu, ataikalia wiki mbili, atairudisha bila kuifungua, na utamwandika kwamba hapendi kusoma. Mwanzishe na hadithi za Kiswahili na vile vitabu vyembamba vya Kiingereza chepesi vyenye picha, hata kama wenzako watasema ni vya shule ya msingi. Mfundishe kipimo cha vidole: afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, kila neno asilolijua akunje kidole. Vikikunjika vitano kabla ukurasa haujaisha, akirudishe kwa sasa. Pembeni ya lebo weka nukta ya rangi, kijani kwa vyepesi, njano kwa vya kati, nyekundu kwa vigumu. Ila usimkataze wa kijani kuchukua chekundu akikitaka mwenyewe.

Kwenye kipindi cha maktaba usiwaambie tu "kaeni kimya msome". Wasomee wewe kwanza, dakika kumi, kwa sauti, kitabu kimoja wiki hadi wiki, na uishie pale wanapotaka kujua zaidi. Kitabu hicho kiwe na nakala nyingine, maana siku hiyo hiyo watakigombania. Mstarini Jumatatu mwanafunzi mmoja aeleze kitabu alichosoma kwa dakika mbili, na mwisho asiuseme. Vifunge vingine kumi kwa gazeti, juu yake andika sentensi tatu za kilichomo bila jina, wachague hivyo. Kamba ndefu ukutani yenye vibanio vya nguo inatosha kuonyesha majalada, kwa sababu mtoto hachagui mgongo wa kitabu, anachagua sura yake.

Zawadi kwa aliyesoma vitabu vingi usiweke. Watachukua vyembamba na watadanganya idadi. Wala usidai muhtasari wa kila kitabu, utakuwa umewaongezea zoezi lingine la darasani. Sentensi moja nyuma ya ukurasa wake inatosha: nani nimpe kitabu hiki, na kwa nini.

Uko Chemba, mwanangu, wanakozungumza Kirangi, Kiburunge na Kisandawe. Watume likizo wakawaulize wazee hadithi, waziandike kwa Kiswahili na majina yabaki kwa lugha ya nyumbani. Kunja karatasi katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, shona kwa uzi, weka jalada la boksi, kisha kitabu hicho kipe namba ya rejista na ukiweke kwenye 398, namba ya hadithi za jadi katika mpangilio wa maktaba wa Dewey, pamoja na nyingine za aina hiyo. Kitabu chenye jina la mtoto wa kijijini hapo hakikai rafuni.

Halafu likizo ya Juni ndiyo wakati wa kuazimisha vingi zaidi, ingawa shule nyingi hapo ndipo hufunga kabati la vitabu. Vya kidato cha nne tu uvidai Oktoba, kabla ya mtihani wa Novemba, maana baada ya hapo hutawapata.

Rafu ziinue sentimita 15 kutoka chini na ziache nafasi ya kiganja ukutani. Mchwa wa huko hupanda na ukuta, wanajenga kinjia cha udongo, kwa hiyo chungulia nyuma kila Ijumaa. Vumbi la Agosti lifute kwa kitambaa kikavu. Selotepu usiitumie kwenye ukurasa uliochanika, inageuka njano, inakauka na kuondoka na maandishi. Tumia gundi nyeupe na karatasi nyembamba. Usigundishe kwa uji wa unga, unaita mende na panya. Kwa ushauri zaidi nenda Maktaba ya Mkoa hapa mjini, hao ni wa Bodi ya Huduma za Maktaba na kazi hii ndiyo yao. Ukija, ulale nyumbani, siyo kupita na kurudi na basi la jioni kama mara ile.

Hela uliyotuma imenunua bati nne za jikoni. Usitume nyingine kabla hujanunua neti, nimemuuliza mwenzako akaniambia bado huna. Mtama umekauka, tunaupiga wiki ijayo, debe moja ni lako. Kile kisa chako cha kitabu chini ya godoro unakijua mwenyewe, sirudii, ila ujue kwamba aliyekufokea siku ile hakuwa na haki.

Jumamosi basi la Kondoa litakuletea kifurushi: kaunta buku nne, gundi, vibanio dazeni tatu, kamba, na karanga za bibi. Ukipokea nijibu, na uniandikie vitabu vilivyo nje ni vingapi.

Mama yako