Mheshimiwa waziri, jicho la mtoto haliwezi kungoja maji yajae

Kwa Waziri wa Afya wa kaunti, salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, Lamu, na tangu 2013 zahanati zetu ziko chini ya kaunti ndo maana nakuja kwako, siendi Nairobi.

Mwanangu wa pili, miaka 6, alianza na mafua tu, tukasema yatapita. Siku ya nne akaamka jicho la kushoto limefura, jekundu, na homa kali. Nikamkimbiza zahanati tukapewa tyubu ya tetrasaiklini ya kupaka tukaambiwa turudi nyumbani. Usiku ananiuliza, mama mbona taa ziko mbili? Nikamfungua kope kwa kidole gumba nikamwambia fuata kidole changu, jicho la kulia linafuata, la kushoto limesimama pale pale limetokeza mbele, na akijaribu kulizungusha analia. Kutoka hatuwezi, maji yamekupwa, kwetu yakikupwa ni tope na mikoko tupu, tukangoja mpaka alfajiri.

Huko hospitali kubwa daktari alinieleza nikaelewa. Ugonjwa ulitoka kwa sainasi, yaani uwazi ulio ndani ya mifupa pembeni ya pua, mfupa unaotenga pale na jicho ni mwembamba kama karatasi, usaha ukipenya unakaa nyuma ya jicho unabana mshipa wa kuonea, na ukiachwa unapanda kwa ubongo mtoto anaweza kufa. Dawa ya kupaka haifiki huko hata upake kutwa. Akapigwa sindano ya mshipa ya seftriaksoni, dawa ya kuua vijidudu, nesi anakuja mara kwa mara na tochi kumuuliza hivi vidole vingapi, na siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ilipoonyesha jipu akapasuliwa kupitia puani. Amepona alhamdulillah, lakini jicho lile linaona mwanga tu.

Najua si kila jicho lililofura ni hili, mengi ni kope tu, jicho lenyewe linazunguka na linaona vizuri. Sasa ndo ninachoomba, kila nesi wa zahanati ajue kutofautisha, amwambie mtoto afuate kidole, hiyo haina gharama hata shilingi. Akiona jicho limetokeza au halizunguki au mtoto anaona mbili mbili, sindano ya kwanza ipigwe hapo hapo kabla ya boti, kwa hivyo dawa iwepo kabatini, na boti ya wagonjwa iegeshwe penye kina, isiwe mzazi anaanza kutafuta pesa ya mafuta saa nane usiku.

Na chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zisikatike visiwani, ile ya kijidudu kinachoitwa Hib na ile ya nimonia, maana vijidudu vinavyozuiwa na chanjo hizo ndo baadhi ya vinavyoleta ugonjwa huu.

Mwanangu anaanza shule mwezi ujao, nimeomba akae dawati la mbele.

Mama kutoka Pate