Barua kutoka Naro Moru

Jumapili jioni

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi na pua imebabuka kwa jua. Msweden Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea aliyepanda milima yetu mwaka 1948, alisema huku juu ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Hakutia chumvi. Nimeshuka jana kutoka Bonde la Teleki, kule Mlima Kenya, na miguu bado haijapata joto.

Uliniuliza kwenye simu nitaacha lini "kuhesabu majani". Nilicheka, lakini lilinichoma, maana mama naye huuliza hivyohivyo.

Ijumaa alfajiri nilipiga magoti kando ya lobelia ya bondeni, mmea wa huku juu milimani, ile inayokinga maji katikati ya majani kama bakuli. Juu kulikuwa na barafu nyembamba kama kioo cha chemli. Nikaivunja kwa ncha ya penseli (kalamu hugoma kwa baridi, hilo nimejifunza kwa machungu), nikatia kidole. Chini ni maji, ya kuuma mifupa, lakini maji. Kichipukizi kimelala humo salama, barafu ndiyo blanketi lake!

Mwenzake, Lobelia telekii, anapenda miteremko mikavu. Huyo hukaa miongo ya miaka akiwa fundo la majani tu, kisha siku moja husimamisha mkungu wa maua wenye manyoya kama mkia wa paka aliyekasirika. Ndege chozi huja kunyonya, mbegu hupukutika, mmea unakufa. Mara moja tu maishani.

Sasa nionee huruma. Ninayo telekii niliyoifunga kibati namba 41 nikiwa mwanafunzi. Tangu hapo nimeolewa, nimezaa wawili. Yenyewe imenenepa kidogo tu. Na wafadhili wanataka matokeo ndani ya miaka miwili! Namba 17 nayo pimbi wameshaitafuna. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na kila Disemba roho iko juu.

Lile tangazo la kazi ulilonitumia nimelisoma. Mshahara mzuri, sikatai, na kiti hakina umande. Ila mwezi wa saba narudi bondeni. Nitumie bizari ya pilau kwa basi; mpagazi wetu hodari kwa mizigo, lakini wali wake, ewe!

Wasalimie watoto.

Wako,
Wanjiru