Kagua trela la safari kabla ya kutia saini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie ndugu zangu wa Afrika Mashariki tunaoishi Marekani, hasa wauguzi wanaofanya kazi kwa mikataba mifupi na kuhama jimbo hadi jimbo. Baadhi yao wameona ni heri wanunue trela la safari, yaani kile kinyumba cha magurudumu chenye jiko, choo na vitanda kinachovutwa na pikapu, kuliko kutafuta nyumba ya kupanga kila mkataba unapokwisha. Uamuzi huo siupingi. Linalonisikitisha ni kwamba wengi huingia katika yadi za matrela wakiwa na haraka ya kuripoti kazini, wakatia saini siku hiyo hiyo, kisha wakaanza kuuliza maswali wakati muuzaji hana tena sababu ya kuwajibu.

Wapo wanaoamini kwamba sheria inampa mnunuzi siku 3 za kubadili mawazo. Kanuni hiyo ya serikali kuu ipo, lakini inahusu mauzo kama yale ya watu wanaokufuata nyumbani, wala haikusaidii ukinunua trela kwenye yadi ya muuzaji. Vilevile, zile sheria za majimbo zinazomlinda aliyeuziwa gari jipya lenye kasoro zisizorekebishika, katika majimbo mengi hulenga vyombo vyenye injini, na trela halina injini. Texas, ninakoishi, ni miongoni mwa majimbo yanayoyahesabu matrela pia, lakini si busara mtu kudhani kwamba jimbo lake nalo linafanya hivyo.

Ndiyo maana ukaguzi wa kabla ya saini una uzito mkubwa kuliko jambo lingine lolote. Dada mmoja wa Tanga ninayefanya naye kazi aliniomba nimsindikize kuchukua trela lake jipya. Tulikuta karatasi zimeshapangwa mezani na kalamu juu yake. Yeye akasema kwa upole kwamba hasaini chochote mpaka trela liunganishwe maji na umeme, na kila kitu kiwashwe mbele yake. Maji yalipofunguliwa, kiungo cha bomba chini ya sinki kikaanza kudondosha. Ukuta unaosukumwa nje kupanua sebule ukakwama katikati. Na sakafu kando ya bafu ikabonyea chini ya mguu, dalili kwamba maji yalishaingia ndani ya mbao. Muuzaji akamwambia asiwe na wasiwasi, kwani waranti ingegharamia yote, atie saini tu apewe funguo. Dada alikataa. Kwa kuwa fedha zilikuwa bado mikononi mwake, yadi ilimtafutia trela lingine la aina ile ile, nalo tukalikagua vivyo hivyo, hadi paa na gundi ya maungio yake, na tarehe za tairi. Tarehe hiyo husomwa ubavuni mwa tairi: tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Asiyejiamini anaweza kumlipa mkaguzi wa kujitegemea, asiyetumwa na yadi.

Kauli ile ya muuzaji kuhusu waranti inahitaji kueleweka vizuri. Waranti ya trela jipya hutolewa na kiwanda, na mara nyingi ni ya mwaka 1 tu. Friji, kiyoyozi na jiko vina waranti za watengenezaji wake wenyewe. Tatizo likitokea, yadi hupiga picha, huomba kibali kiwandani, kisha husubiri vipuri, huku trela limeegeshwa na wewe unaendelea kulipa mkopo. Ukiwa umehamia jimbo lingine, yadi ya huko inaweza kukuambia kwamba inawahudumia kwanza walionunua kwake. Na kwa wauguzi wetu lipo jambo zito zaidi: waranti nyingi huandikwa kwamba hazimlindi mtu anayelitumia trela kama makazi ya kudumu. Soma kifungu hicho kabla ya kutoa hata arbuni.

Kuhusu fedha, muuzaji hupenda kuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Usikubali mazungumzo yaanzie hapo. Mkopo wa dola 40,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 15 unaonekana mwepesi, dola 406 hivi kwa mwezi, lakini ukimaliza utakuwa umelipa dola 73,000 na ushei, kwa kitu kinachoshuka thamani tangu siku kinapotoka yadini. Mkopo huo huo ukilipwa kwa miaka 5, jumla yake haifiki dola 50,000. Isitoshe, yadi inayokutafutia benki inaweza kuongeza riba juu ya ile iliyokubaliwa na benki, na ikabaki na sehemu ya nyongeza hiyo. Nenda ukiwa na kibali cha mkopo kutoka chama chako cha akiba na mikopo, na udai bei kamili kwa maandishi, pamoja na ada ya makaratasi, ada ya maandalizi, kodi na kila nyongeza. Waranti ya ziada na dawa ya kulinda rangi si lazima, unaweza kuzikataa.

Usikubali pia neno la mdomo kwamba pikapu yako italivuta trela. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo, kwa sababu kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela hulalia pikapu. Uzito wa trela tupu unaotajwa kwenye matangazo hauhesabu maji wala mizigo yako, na galoni 40 za maji pekee zinazidi kilo 150.

Kwa ambao tayari wamesaini na wanazungushwa, wahifadhi kila barua na kila hati ya matengenezo, na malalamiko yapelekwe kwa maandishi kiwandani na yadini. Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamruhusu mnunuzi kumshtaki aliyetoa waranti ya maandishi akashindwa kuitimiza, na mnunuzi akishinda, mahakama inaweza kuamuru aliyeshtakiwa alipe gharama za wakili wa mnunuzi. Kwa hiyo asiye na fedha za wakili asikate tamaa kabla ya kuulizia. Walioko Texas wapeleke malalamiko yao Idara ya Magari ya jimbo mapema, kwa maana muda wa kuyafungua una kikomo.

Wako,
Muuguzi, Houston, Texas