Mhariri, tupeni chemsha bongo za kuumiza kichwa

Mhariri, salaam. Hizi chemsha bongo zenu za kujaza vyumba ni nyepesi mno jamani, kila wiki "mji mkuu wa Ufaransa", mtu anamaliza chai haijapoa. Wenzetu Uingereza wana aina yao ambayo dokezo lenyewe ni mtego, na mwaka 1942 wakati wa vita gazeti lao la Daily Telegraph lilifanya shindano la kumaliza moja chini ya dakika 12 na baadhi ya walioshiriki wakaja kuitwa kazi ya kufumbua ujumbe wa siri wa adui, sio mchezo.

Kwa kawaida dokezo la aina hiyo lina vipande viwili, kimoja ni maana ya jibu nacho kinakaa mwanzoni au mwishoni, kingine ni mchezo wa herufi, ila vimeungwa vikasomeka kama sentensi ya kawaida tu. Mfano nimejitungia: "Vuruga mali, halafu shika jembe (4)". We unawaza mtu kafilisika karudi shamba, kumbe unaambiwa uzivuruge herufi za mali upate LIMA, ndiyo kushika jembe, na hiyo 4 ni idadi ya herufi za jibu. Au "Ndani ya kabati, cha kuezekea (4)", hiyo nawaachia wasomaji, wala haitaki kuvuruga kitu.

Na msiniambie Kiswahili hakifai, watu waliokua wakitegana vitendawili na kuongea kinyume washindwe na hivi? Ila mkichapa majibu wekeni na maelezo, jibu tupu litaleta ugomvi vijiweni.

Msomaji wenu,
Tanga