Kondoo wakizaa Septemba dume anaonewa bure

Kazi yetu ni kukodisha madume wa kondoo, na kila mwaka vuli ikikaribia napigiwa simu ileile, "dume wenu ni mbovu, wanakondoo wanakufa." Juzi mteja wa huku Kajiado amekuja hadi dukani anataka pesa zake zote za kukodi, na namwelewa, hasara ya mifugo inauma. Lakini hebu tuhesabu. Kondoo anabeba mimba karibu siku 150. Akipandwa Aprili, majani yamejaa na amenona, anazaa Septemba, vumbi tupu, na mvua mpaka Oktoba huko. Mama hajashiba, maziwa yatatoka wapi?

Sisi tunamleta dume katikati ya Juni, tunamchukua baada ya siku 35, hapo kila kondoo amepata joto, yaani hamu ya kupandwa, mara mbili maana mzunguko wao ni kama siku 17, na uzazi unaanza Novemba majani yakiwa yameota. Watu wanasema siku 35 kwa hiyo bei ni wizi, wanaomba dume wa jirani wa bure wanamwacha zizini mwaka mzima, na Dorper, hii aina ya kondoo wa nyama, hana msimu jamani, mwezi wowote anapanda, ndio hizo mimba za Aprili zinatokea. Wamaasai wanamfunga dume ngozi tumboni asipande kabla ya wakati, sio urembo. Na bei yetu ina kazi ndani, dume anakaguliwa meno, kwato na korodani, anapewa dawa ya minyoo ndio anapanda pikapu.

Mama mmoja wa Isinya alinipigia usiku, nikakuta kijana wake anamiminia mwanakondoo maziwa ya ng'ombe kwa chupa ya soda. Nikatia kidole mdomoni, baridi kabisa. Akiwa hivyo usimnyweshe, hawezi kumeza na maziwa yanaingia mapafuni. Tukamkausha, gunia na chupa za maji moto, alipoinua kichwa na kuanza kutafuta chuchu ndio tukamkamulia mamake dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kama mililita 50 kwa kila kilo yake. Dang'a aipate masaa 6 ya kwanza, siku ikiisha utumbo haupitishi tena ile kinga. Huyo alipona, pacha wake tulimkuta ameshakufa. Gharama ya usiku ule ilipita ya kukodi dume.

Wenye mimba za Septemba tayari, wiki sita za mwisho ongezeni hei na pumba, ndio mtoto anakua sana tumboni, na wenye mapacha walishwe kando. Madume wa Juni tunaanza kuandika oda Mei.